Kamba ya shingo

Anayenunua ng'ombe katika bonde la Ruzizi hutazama meno, kwato na mgongo, akapatana bei, akalipa. Kamba hupewa bure, imefungwa tayari. Mimi hutazama kamba kwanza. Shingo iliyonyonyoka manyoya, au yenye kovu la mviringo, hunieleza vizuri zaidi jinsi mnyama alivyolelewa kuliko anavyoweza kunieleza mwenye kumuuza.

Uvira, mji wa kando ya ziwa katika bonde hili, si mji wa farasi. Hapa wanaofungwa kamba ni mbuzi wa mabondeni na ng'ombe wa pembe ndefu wanaochungwa kwenye milima ya Itombwe na kuteremshwa kuelekea ziwani. Lakini Ulaya na Marekani wapo wapanda farasi wanaotupa lijamu na kumwongoza farasi kwa kamba moja tu ya shingoni, nao huitafuta iliyosukwa kwa mkono. Wanachokitaka kwenye kamba hiyo ndicho anachokitaka mchungaji wa huku: impe mnyama habari, isimnyonge.

Kamba ya namna hiyo huanzia kwenye jani la mkonge lililokomaa. Jani hulazwa juu ya gogo na kuparwa kwa kisu butu mpaka nyama yote ya kijani itoke, zibaki nyuzi. Huoshwa, huanikwa. Kisha msokotaji huketi, mguu mmoja ameunyosha, na kulaza mafungu mawili ya nyuzi juu ya paja. Kiganja kikienda mbele, kila fungu hujisokota peke yake. Kikirudi, mafungu hayo hukumbatiana kwa kuzunguka upande wa pili. Hapo ndipo akili yote ya kazi hii ilipo. Kila fungu linataka kujifungua, na katika kutaka huko linazidi kumkaza mwenzake. Hakuna gundi wala fundo, ni pande mbili zinazovutana. Fungu likianza kukonda, huongezwa nyuzi mpya kabla ya zile za zamani kwisha, na kamwe si mahali pamoja kwa mafungu yote mawili, maana hapo kamba ingekatika. Mwisho hupitishwa haraka juu ya moto ili vinyweleo viungue, halafu husuguliwa kwa kitambaa.

Ipo pia kamba ya maganda makavu ya mgomba. Hiyo inatosha kumfikisha mbuzi sokoni, basi.

Ukichagua, ining'inize kwa ncha moja. Ikijiviringa yenyewe, haikusokotwa sawa na itakusumbua kila siku. Pitisha vidole toka mwanzo hadi mwisho ukitafuta palipovimba au palipokonda. Kisha isugue shingoni mwako mwenyewe. Ikikuchoma, ng'ombe atavumilia kwa sababu tu hana la kusema.

Kufunga ndiko kunakowashinda wengi. Fundo liwe lile lisiloteleza: kitanzi kibaki na upana uleule hata mnyama akivuta kwa nguvu zake zote. Kitanzi kinachokaza kikivutwa ni mtego, na ng'ombe aliyeshtuka usiku anaweza kujinyonga nacho. Kamba ikae chini, karibu na mabega, mbali na koromeo. Ngumi yako ipite kati ya kamba na ngozi bila kulazimisha. Masika yakija, nafasi hiyo iongezwe, kwa kuwa nyuzi za mkonge zikilowa huvimba na kamba ikafupika. Na ndama anakua, kamba haikui. Asiyekagua mara kwa mara ataikuta siku moja imezama ndani ya nyama.

Kamba ya nailoni imejaa huku kwa sababu ziwa liko karibu. Kipande kilichobaki kwenye kazi ya nyavu na mitumbwi huishia shingoni mwa mbuzi. Ni imara, haiozi, na ni nyembamba kiasi cha kukata ngozi. Ubora wake majini ndio ubaya wake shingoni. Kamba ya mkonge huchakaa, ndiyo, na hubadilishwa. Kwangu mimi hilo ni sifa, kwa sababu kila kamba mpya humlazimisha mwenye mifugo kuishika tena shingo na kuipima.

Basi ukienda kununua ng'ombe Sange au Luvungi, humu bondeni, usipokee kamba kama nyongeza. Mtafute anayesokota, mweleze ni ya mnyama wa umri gani, na umlipe kazi yake mbali na bei ya ng'ombe.