Kiharusi: Lengo la Nani?

Utengamao baada ya kiharusi una malengo tele, ila mengi huandikwa na mtaalamu: mgonjwa atembee mita kadhaa, ainue mkono hadi begani. Yanapimika kirahisi, ndiyo maana yanapendwa. Watafiti wa New Zealand walijaribu njia nyingine, waliyoiita Take Charge. Mhudumu aliyefunzwa humtembelea mgonjwa nyumbani, wakafungua pamoja kijitabu chenye maswali: nini cha maana katika maisha yako, unaogopa nini, mwaka mmoja ujao ungependa kuwa wapi. Zaidi ya hapo kazi yake kubwa ni kusikiliza. Hapendekezi lengo wala hafundishi zoezi. Kwa mhudumu wa afya, nadhani huo ndio ugumu wenyewe.

Mwaka 2012 Matire Harwood na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la njia hiyo kwa Wamaori na wenyeji wa visiwa vya Pasifiki 172. Mwaka 2020 Harry McNaughton na Vivian Fu wakafuatia na jaribio la watu 400 wa jamii nyinginezo. Katika hilo la pili, mwaka mmoja baada ya kiharusi, asilimia 12 ya waliopata mazungumzo hayo walikuwa tegemezi kwa wengine, dhidi ya asilimia 19.5 ya wasioyapata. Tena vikao viwili vilisaidia zaidi kuliko kimoja. Mkosoaji atasema mgonjwa amefarijika tu kwa kupata mgeni. Hoja hiyo ina uzito, kwani kundi la kulinganishia halikupewa mtu wa kuzungumza naye. Lakini jaribio la 2012 lilipima pia video ya kutia moyo, nayo haikuboresha afya ya mwili jinsi mazungumzo yalivyoiboresha. Kutiwa moyo peke yake, basi, hakutoshi kueleza tofauti hiyo.

Wengine huhofia kwamba mgonjwa atachagua lisilowezekana. Achague tu; hatua ya kwanza itamwonyesha ukubwa wa safari, naye ana sababu yake mwenyewe ya kutafuta njia nyingine. Hofu yangu iko kwa mwenye bajeti, atakayeona hapa kisingizio cha kupunguza wataalamu wa fiziotherapia. Washiriki walikuwa watu waliokwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani, na makundi yote yaliendelea na huduma ya kawaida. Vikao viliongezwa juu ya huduma hiyo. Havikuchukua nafasi yake.