Kutoa si Kujitoa
Papa Fransisko alipohutubia Kangemi, jirani ya Kawangware, tarehe 27 Novemba 2015, hakuwaambia maskini wanyenyekee. Aliwageukia wanaolimbikiza ardhi na kutaka hadi viwanja vya watoto shuleni. Kuinyima familia maji, alisema, ni dhuluma, hasa kama kuna mtu anakula faida. Nimeisoma hiyo hotuba mara kadhaa, na bado inashinda mahubiri mengi yanayonifikia kwa spika za Kibera Jumapili. Huko mama wa kufua nguo anaambiwa apande mbegu, ati atavuna. Sawa, hiyo ni kutoa. Kujitoa ni kitu kingine, na anayehubiri ndiye alifaa kuanza.

Penye inanikwaza ni pale Papa anaposifu hekima ya mtaa: kushikana, kugawana kidogo kilichopo. Ni kweli, watu hapa huchangia matanga bila kusukumwa. Lakini Yesu msalaba aliuchukua kwa hiari. Mtu wa Laini Saba anayenunua maji kwa mtungi hakuchagua kitu, na kumsifu sana kwa uvumilivu ni kama kumnyamazisha kwa adabu. Halafu wale wanyakuzi, Papa aliwaita watu wasio na sura. Hati za ardhi zina majina, bana.