Mchumia Juani: Majira na Kazi ya Kuchuma katika Stardew Valley

Mchumia juani hulia kivulini. Methali hii yafundisha kwamba taabu hutangulia na raha hufuata, na kwamba aliyechuma ndiye mwenye haki ya kula. Iko kazi moja ya sanaa ya zama hizi ambayo huikubali nusu ya kwanza ya methali hiyo na kuigeuza nusu ya pili. Katika mchezo wa kompyuta uitwao Stardew Valley, mchezaji huchuma juani, mvuani na thelujini, kisha sehemu ya alichokichuma haiingizi kinywani mwake wala haiuzi. Huipeleka katika jumba bovu lisilo lake, akaiweka, akaenda zake. Wako wasemao kwamba michezo ya namna hii ni daftari la hesabu lililopakwa rangi, wala haistahili kutazamwa kwa jicho la fasihi. Kuchuma mimea ndiyo kazi inayofaa kuyapima madai hayo, maana ndiyo kazi iliyo karibu mno na hesabu: tafuta hiki, leta kile, pokea malipo.

Mchezo huu ni wa Mmarekani Eric Barone, aliyeutunga peke yake kwa miaka zaidi ya 4, picha, muziki na maneno yakiwa ya mkono wake, akautoa Februari 2016. Alifuata nyayo za Harvest Moon, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1996. Kijana mmoja huacha kazi ya ofisini, akaenda kulima shamba aliloachiwa na babu yake karibu na mji mdogo wa Pelican Town. Mwaka wa huko una misimu minne: majira ya kuchipua, kiangazi, majira ya kupukutika na majira ya baridi. Kila msimu una siku 28, basi mwaka mzima ni siku 112. Msituni, mlimani na pwani huota mimea isiyopandwa na mtu, kila msimu na yake. Msimu ukigeuka, ile isiyookotwa hutoweka.

Yafaa kuanza na tofauti moja. Katika michezo ya kunusuru maisha, kama Don't Starve iliyotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Klei ya Kanada, mhusika asiyekula hufa. Huko tunda huchumwa kwa sababu tumbo laamuru. Katika Stardew Valley hakuna njaa iuayo. Chakula huongeza nguvu. Kwa hiyo mwandishi wake alinyimwa, au alijinyima, sababu nyepesi kuliko zote ya kumtuma mtu porini. Ilimpasa atafute sababu nyingine, na alitafuta katika njia tatu zisizolingana kwa thamani.

Njia ya kwanza ni ubao wa matangazo ulio nje ya duka la Pierre. Mkazi fulani hutaka kitu kimoja, mchezaji hupewa siku 2, na akikileta hulipwa mara tatu ya bei yake ya kawaida. Hapa wakosoaji wana haki yao. Jina la mwombaji laweza kuondolewa na kuwekwa jingine, na karibu hakuna kitakachoharibika. Jambo liwezalo kubadilishwa bila hasara si kiungo cha utungo. Ni pambo lake.

Njia ya pili ina uzito mwingine. Mjini pana Jumba la Jamii, bovu, lililoachwa na wenyewe. Ndani yake hukaa vijitu vya msituni viitwavyo Junimo, ambavyo hudai vitu kwa mafungu. Mafungu ya chumba yakitimia, chumba hutengenezwa. Chumba cha ufundi kina mafungu 6, na 4 kati yake ni ya kuchuma, moja kwa kila msimu. Majira ya kuchipua hudai mzizi mkali wa mwitu, ua la dafodili, liki na dandelioni. Kiangazi hudai zabibu, beri ya viungo na ua la mnjegere. Majira ya kupukutika hudai uyoga, plamu mwitu, kokwa ya hazeli na beri nyeusi. Majira ya baridi hudai mzizi wa baridi, kiazi kikuu cha theluji, tunda la kioo na ua la krokasi. Kila fungu hulipwa mbegu 30 za mwitu za msimu ule ule, na yote 6 yakikamilika, daraja lililovunjika karibu na machimbo hujengwa upya.

Jumla ya mimea ya misimu yote ni 15. Mtoto aweza kuibeba kwa kikapu kimoja. Hakuna joka lililolala juu yake, wala mto wa kuvuka, wala kitendawili cha kutegua. Ugumu wote umo katika jambo moja tu: mimea hiyo haipatikani kwa pamoja. Hapa ndipo mchezo unapokutana na ngano na kuachana nayo. Shujaa wa ngano hutumwa kutafuta jani la dawa, na umbali anaosafiri ni umbali wa nchi: misitu saba, bahari saba. Mchumaji huyu hutembea njia zile zile za kila siku, na umbali anaosafiri ni umbali wa siku. Aliyepitiwa na liki hawezi kukimbia akaifikia; sharti angoje mpaka mwaka uzunguke. Mwandishi ameyafanya majira kuwa mpinzani wa shujaa, mpinzani asiyepigika kwa upanga wala asiyedanganyika kwa hila, ambaye humshinda mtu kwa kupita tu.

Utaratibu wa misimu nao haukupangwa ovyo. Katika misimu mitatu ya kwanza mmea huonekana juu ya ardhi, na kazi ya mchumaji ni kuwa na macho. Majira ya baridi mazao ya kawaida hayaoti, na mchezaji hudhani kwamba hakuna tena cha kuchuma. Tunda la kioo na krokasi huonekana juu ya theluji, lakini mzizi na kiazi kikuu vimo udongoni na havitoki ila kwa jembe. Basi mwaka huanza kwa kuinama na kuishia kwa kuchimba. Hilo ni fundisho lililotolewa bila mwalimu kusimama mbele ya darasa, na huo ndio ustadi wa kutunga.

Ziko njia za kukwepa. Mchuuzi wa mkokoteni huja kila Ijumaa na Jumapili, na huenda akawa na mmea wa msimu uliopita kwa bei ya juu. Tena liko duka kubwa la Joja: atoaye vipande 5,000 vya dhahabu hupata uanachama, Jumba la Jamii hugeuzwa ghala la duka, na daraja hujengwa kwa vipande 25,000. Asiyefikiri sana atasema kwamba milango hii yaharibu kazi. Kinyume chake, ndiyo iipayo maana. Daraja ni lile lile kwa njia zote mbili; lililo tofauti ni jumba. Mwenye fedha aliinunua saa, na alipoinunua alipoteza mahali pa watu kukutania. Kama pasingekuwa na njia ya kulipa, kungoja kungekuwa kulazimishwa, na aliyelazimishwa hana sifa ya subira.

Hata hivyo njia hii ya pili ina upungufu mkubwa mmoja, nao ni kwamba pori la Stardew Valley haliishi. Yang'olewayo leo huota tena, na mchumaji haachi kovu popote. Tena hakuna anayemfundisha: mmea ukiingia mfukoni, jina lake huandikwa papo hapo, kana kwamba jina ndilo elimu. Mchumaji wa kweli hujua kwanza kipi kiachwe. Hujua mzizi usiong'olewa wote, na tunda linalofanana na jingine lakini huua. Mchezo wenyewe una uyoga mwekundu na tunda la holi, vyenye kumdhuru alaye. Lakini katika yale mafungu 4 ya awali ya misimu hakuna hata kimoja kilichodaiwa. Hatari ilikuwapo mkononi mwa mwandishi, naye akaiweka kando. Matokeo yake subira imepata nafasi yake, lakini hadhari haikupata.

Njia ya tatu ni ndogo kuliko zote, nayo ndiyo yenye kuukomboa utungo. Kaskazini mwa mji hukaa mzee Linus, katika hema, kwa hiari yake, akila vinavyopatikana porini. Tarehe 8 ya majira ya kupukutika, siku ile ile beri nyeusi zinapoanza kujaa vichakani kwa muda wa siku 4, mchezaji hupokea barua: Linus amepoteza kikapu chake cha kuchumia beri. Itazamwe vizuri barua hiyo. Mtu pekee mjini ambaye kuchuma ni maisha yake haombi kuchumiwa. Beri ziko kila mahali, nazo si haja yake. Haja yake ni chombo. Kikapu kimelala karibu na mlango wa handaki, na akirudishiwa, Linus hatoi fedha. Malipo ni urafiki.

Weka jina jingine mahali pa Linus, na kisa chote kitaanguka. Mwenye duka akipoteza kikapu atanunua kingine. Linus akikipoteza, siku 4 za beri zitampita. Hapa majira si kalenda tena, ni dhiki ya mtu mwenye jina. Kile ambacho mafungu 4 yalikifanya kwa hesabu, kikapu kimoja kimekifanya kwa moyo, na dai la daftari la hesabu limepata jawabu lake. Ajabu ni kwamba mwandishi aliyeweza kutunga kisa hicho hakutunga vingine vitatu, kwa misimu mitatu iliyobaki. Angefanya hivyo, pori lake lingekuwa na watu.

Methali basi yarudi kwa sura nyingine. Mchumia juani wa Stardew Valley hulia kivulini kweli, lakini kivuli hicho ni cha paa la jumba alilolitengeneza pamoja na wengine, na hali peke yake. Kazi yenye kusema hivyo kwa mimea 15 na kikapu kimoja haiwezi kufukuzwa mlangoni pa fasihi. Yaweza tu kuambiwa kwamba ilichuma kidogo mahali palipokuwa na vingi.