Nanasi la Chunguni na Kuta za Chokaa

Nanasi tunalijua sokoni Darajani, likiwa limeshamenywa. Uani, chunguni, wachache hulipa nafasi, na hilo linanisikitisha, maana ni pambo lililoundwa kwa ustadi mkubwa. Majani yamezunguka shina, kila moja na mfereji wake wa kuteremshia maji hadi kitakoni. Upande wa chini kuna vigamba vidogo vyeupe, ndivyo vinavyolipa jani, liwe jekundu au la kijani, ule ukungu wa fedha. Aina yenye mistari huzidi kwa uzuri: kingo za jani hazina klorofili, kwa hiyo hubaki rangi ya malai, na jua kali huzitia uwaridi.

Lakini ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar mmea huu mara nyingi hugeuka manjano. Mwenyewe hudhani ni kiu, akazidisha maji, mizizi ikaoza.

Mimi naushuku ukuta. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na mvua ya masika inapoupiga ukuta huteremka na chokaa hadi kwenye chungu. Nanasi hupenda udongo wenye uchachu, pH kati ya 4.5 na 5.5. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yamo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua, na majani machanga ndiyo huanza kupauka. Ndiyo sababu pia nanasi hupata tabu kwenye maweni ya mashariki ya Unguja, wakati kichanga kirefu cha magharibi hulifaa.

Wakulima wa Hawaii walikwama kwa ukosefu huohuo wa chuma mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa kwao chanzo kilikuwa wingi wa manganizi. Waliiacha mizizi, wakanyunyizia majani salfeti ya chuma iliyozimuliwa. Jani la nanasi hunywa.

Basi chungu kisogezwe mbali na ukuta, kijazwe kichanga na mboji, kimwagiliwe maji ya mvua badala ya maji ya kisima cha matumbawe.

Mmea uliokomaa ukichelewa kuchanua, ufunikwe kwa mfuko wa plastiki pamoja na ndizi mbivu, kivulini, kwa siku chache. Ndizi hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huuamsha moyo wa mmea. Baada ya wiki kadhaa kichwa chekundu huchomoza katikati, kisha maua ya zambarau hufunguka machache kila siku, kuanzia chini kwenda juu.