Fundi wa Mtopanga na Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Stima ikipotea Kisauni, kompyuta huwa hatarini zaidi pale umeme unaporudi. Volti 240 zinaweza kuruka ghafla kupita kiasi, na kapasita zilizokwisha chaji huuvuta umeme huo kwa mkupuo. Ndivyo kompyuta ya dada mmoja mwenye duka la kuchapa ilivyofika kwenye meza ya fundi wa Mtopanga, haiwaki hata taa.

Fundi hakimbilii bisibisi. Anauliza kwanza. "Stima iliporudi feni ilizunguka, dada? Ulisikia mlio? Ulinusa chochote?" Dada anasema alisikia mpasuko mdogo nyuma ya kasha. Fundi anaitikia kwa kichwa, lakini hata hivyo anaanza na waya wa ukutani. Anaupima kwa mita: mzima. Anauchomoa, anabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kama nusu dakika ili chaji iliyobaki iishe, kisha anajaribu tena. Hakuna kitu. Naupenda mpangilio huo, wa kumaliza kwanza yasiyogharimu hata shilingi.

Ndipo anapochomoa tena na kulifungua kasha. Vumbi la pwani lina chumvi, na chumvi hushika unyevu. Analipangusa kwa brashi laini kabla ya kugusa kingine. Anachomoa plagi ya pini 24 kwenye mazabodi, anarudisha stima, anaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kijiwaya. Pawa saplai nzima ingezungusha feni yake. Hii imetulia tu. Waya wa zambarau, unaopaswa kuwa na volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa, unasoma sufuri.

Wengi wangeishia hapo na kuuza pawa saplai nyingine. Yeye anaichomoa ukutani na kufungua skrubu zake nne. Ndani mna kapasita mbili kubwa. Kwa pamoja zinaweza kuhifadhi takriban volti 340, za kumwangusha mtu. Fyuzi imeungua, kwa hiyo huenda hazina kitu, lakini haamini mpaka apime. Anazigusisha rezista nene, anasubiri, anapima, anasubiri tena.

Kioo cha fyuzi kimekuwa cheusi ti. Ingekatika kwa uchakavu, uzi wake tu ungeachana. Weusi huu unaonyesha umeme ulipita kwa nguvu kubwa. Fundi haweki fyuzi mpya. Anamtafuta aliyeiua. Anapima dayodi nne, moja baada ya nyingine, mbele na nyuma. Anapima transista. Zote nzima. Kisha anakipindua kidude cha buluu, bapa na cha mviringo, chenye ufa mwembamba: varista, inayojitoa mhanga volti zinapozidi. Huo ndio mpasuko aliousikia dada.

Anaiyeyusha risasi, anainyonya kwa pampu, anatoa varista bila kung'oa njia ya shaba iliyo chini yake. Anaweka nyingine ya kipimo kilekile, na fyuzi ya ampea zilezile, hata moja isizidi.

Hatua inayofuata ndiyo niliyoistaajabia zaidi. Haichomeki moja kwa moja. Anaipitisha stima kwenye balbu ya wati 100. Kama kuna shoti ndani, balbu itawaka kwa nguvu na kuubeba mzigo huo yenyewe. Balbu inamulika mara moja, inafifia. Salama. Anaiondoa na kupima tena: zambarau 5.1, njano 12.1, nyekundu 5.0. Kwenye njano angekubali kati ya 11.4 na 12.6.

Kompyuta inawaka, lakini tarehe yake imerudi nyuma miaka mingi. Betri ya saa, ile bapa ya volti 3, inasoma 2.4. Anaibadilisha, kisha anakataa kumpa dada mashine. "Iache ifanye kazi mpaka jioni, niisikilize. Na kwako, stima ikipotea, chomoa ukutani. Ikirudi, washa taa kwanza. Zikitulia dakika tano, ndiyo uchomeke."