Njia ya Namugongo Inayoanzia Kisinga: Uhakiki wa Nafasi ya Kiswahili katika Kumbukumbu ya Mashahidi wa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki jinsi masimulizi yanayoambatana na hija ya Namugongo yanavyokiacha nje Kiswahili, ingawa lugha hiyo ilikuwa miongoni mwa vyombo vya kwanza vya mafundisho ya Kikristo katika ikulu ya Buganda. Uhakiki unafanywa kwa kuitazama hija hiyo kutoka Kisinga, wilayani Kasese, karibu na mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Inadaiwa kwamba sera ya Kiswahili nchini Uganda imejinyima ushahidi wake wenye nguvu zaidi kwa kukubali maelezo kuwa lugha hiyo iliingia nchini kupitia soko na kambi ya jeshi peke yake.

1. Utangulizi

Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya kitaifa nchini Uganda. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, makundi ya waumini huanza safari ya miguu kuelekea Namugongo, mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga II. Kwa mhujaji wa Jimbo Katoliki la Kasese, jimbo lililomegwa kutoka Fort Portal mwaka 1989, safari hiyo hupita kilomita 300. Anayetoka Kisinga huuacha mlima Rwenzori nyuma yake. Akifuata njia ya Fort Portal na Mubende hufika Mityana, anakokumbukwa Noa Mawaggali aliyeuawa huko mwezi Mei 1886, kabla ya kuingia Kampala na viunga vyake: Munyonyo, walikohukumiwa wengi wao, na hatimaye Namugongo penyewe.

Maandishi kuhusu hija hii ni mengi. Historia ya Kanisa imeandikwa kwa uangalifu, na mchoro wa basilika ya Namugongo, iliyowekwa wakfu mwaka 1975 na yenye nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki, umeelezwa na wengi. Ziara za Paulo VI mwaka 1969, Yohane Paulo II mwaka 1993 na Fransisko mwaka 2015 zimehifadhiwa kwa kina. Jambo ambalo limepuuzwa ni lugha. Hata pale linapotajwa, hutajwa kama suala la mpangilio wa ibada: nani asome somo la kwanza, kwaya gani iimbe wakati wa vipaji. Swali la msingi zaidi, yaani vijana wale walifundishwa imani kwa lugha gani kabla ya kuifia, huachwa kana kwamba jibu lake linajulikana.

2. Lugha ya darasa la kwanza

Msafara wa Wamisionari wa Afrika ulioelekea Buganda uliondoka Bagamoyo mwaka 1878. Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans walitua Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Hawakujua Kiganda. Walichokuwa nacho, kama walivyokuwa nacho wenzao wa shirika la CMS waliowatangulia, ni Kiswahili cha njia ya msafara, na ndicho walichokitumia kuzungumza na watu wa ikulu. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa ikulu ilikuwa imekwisha kuizoea lugha hiyo. Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walifika huko tangu zamani za Kabaka Suna II, na chini ya Mutesa I vijana wengi wa ikulu walijifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu na kuzungumza kwa Kiswahili. Wamisionari hawakulima shamba jipya. Walipanda katika shamba lililolimwa na walimu wa Kiislamu, ambao baadhi ya wanafunzi wao waliuawa kwa amri ya Mutesa mnamo mwaka 1876, muongo mzima kabla ya moto wa Namugongo.

Alama za darasa hilo bado zimo katika Kiganda cha kanisani. Muumini anayesema *eddiini*, *ekitabo*, *essaala*, *malayika* na *omusaalaba* anatumia maneno ambayo msemaji wa Kiswahili huyatambua bila kamusi. Inafaa kuyatofautisha na neno *Mapeera*, jina alilopewa Lourdel, ambalo limetokana na matamshi ya Kiganda ya maneno ya Kifaransa yenye maana ya "baba yangu". Kifaransa kilimpatia padri jina la heshima. Msamiati wa imani wenyewe ulitoka kwingine.

Ushahidi mzito zaidi hautoki kwa Wakatoliki. Tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu Waanglikana, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa Busega. Kumbukumbu za wamisionari wa CMS zinaeleza kwamba waliimba wimbo wa sifa wa Kiswahili, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, walipokuwa wakipelekwa kufa. Mhakiki anaweza kuwa na shaka kuhusu undani wa simulizi hilo, kwa sababu wasimulizi wa vifo vya mashahidi popote duniani hupenda kuwaimbisha mashujaa wao. Hata hivyo, shaka hiyo haiathiri hoja iliyopo. Walioandika simulizi hilo, na waliolipokea, hawakuona ajabu yoyote kwamba vijana wa Buganda wafe wakimsifu Mungu kwa Kiswahili. Ajabu hiyo imezaliwa baadaye.

3. Jinsi Kiswahili kilivyotolewa kanisani

Mabadiliko yalikuja kwa sababu mbili ambazo wachambuzi huzichanganya. Ya kwanza ni njema: imani ilitafsiriwa kwa Kiganda ili iwafikie wasiokaa ikulu, na hakuna mwenye busara atakayeilaumu kazi hiyo. Ya pili ilikuwa hofu. Askofu Alfred Tucker, katika kitabu chake cha mwaka 1908, alikiri kwamba Alexander Mackay alitamani Kiswahili kiwe lugha ya Afrika ya Kati, kisha akaipinga ndoto hiyo kwa kuwa aliiona lugha yenyewe imefungamana mno na Uislamu. Gavana W. F. Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kitumike katika elimu na utawala, upinzani mkali ulitoka kwa Kabaka Daudi Chwa na kwa viongozi wa makanisa pia. Kanisa lililoanza kufundisha kwa Kiswahili likawa miongoni mwa waliokifungia mlango.

Baada ya hapo Kiswahili kilibaki mikononi mwa askari na polisi, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 alikitia doa ambalo halijafutika. Hayo yanajulikana na yamesemwa mara nyingi katika makongamano ya aina hii. Kisichosemwa ni kwamba maelezo ya "lugha ya bunduki na ya soko" ni ya kweli kwa nusu ya historia tu. Nusu yake ya mwanzo imefutwa, na waliosaidia kuifuta ndio wenye kumbukumbu ya Namugongo.

4. Mtazamo kutoka Kisinga

Kisinga inafaa kwa uhakiki huu kwa sababu haimo katika masimulizi ya Buganda kabisa. Hakuna shahidi hata mmojawapo kati ya wale 22 anayehesabiwa kuwa Mkonzo. Wakonzo wana kumbukumbu yao ya kutawaliwa kwa lugha za wengine: kwa miaka mingi Kitoro kilikuwa lugha ya shule, ya baraza na ya ibada, na malalamiko hayo yalikuwa sehemu ya chimbuko la vuguvugu la Rwenzururu mwaka 1962. Mhujaji wa Kisinga anayefika Namugongo na kusikia Kiganda na Kiingereza anajua vizuri jinsi ilivyo kuwa mgeni katika nyumba ya Mungu. Husali kwa Lukonzo pamoja na kundi lake, husikiliza lugha za wenyeji, na humsalimia Mkongomani, Mkenya au Mtanzania aliye pembeni yake kwa Kiswahili.

Wapo wanaolitafsiri jambo hilo kwa wepesi mno. Husema kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na mwenyewe, hivyo haimwonei mtu. Kauli hiyo haiwezi kukubalika Kasese. Katika barabara ya kutoka Kikorongo kwenda Bwera na Mpondwe, Kiswahili kina wenyewe wengi: mchuuzi wa Kongo anayevuka kwenda sokoni, mwanajeshi kizuizini, mkimbizi. Waasi wa ADF waliposhambulia Mpondwe mwezi Novemba 1996, lugha hiyo ilikuwa ya amri kwa pande zote. Mwanafunzi anayeambiwa leo kwamba Kiswahili ni lugha ya amani na ya mtangamano ana babu anayeikumbuka kwa namna nyingine. Kumwambia babu huyo kwamba amekosea ni utovu wa adabu, na ni kosa la kitaaluma pia.

Kinachowezekana ni kumwonyesha kwamba lugha hiyo imewahi kufanya kazi nyingine. Ng'ambo ya mto Lubiriha, ndugu zake Wanande husali kwa Kinande na kwa Kiswahili bila kuona mgongano wowote. Goma imempata mwenyeheri wake, Floribert Bwana Chui, afisa wa forodha aliyeuawa mwaka 2007 baada ya kukataa rushwa ya kupitisha chakula kisichofaa, akatangazwa mwenyeheri mwezi Juni 2025. Huyo ni mtu wa mpakani, wa kazi inayojulikana sana Mpondwe, na jina lake lenyewe ni la Kiswahili. Kwa mhujaji wa Bukonzo, yeye yu karibu kuliko mtumishi wa ikulu ya Mwanga.

5. Shahidi au mfiadini

Katika tafsiri za sasa kuna mvutano wa istilahi ambao haujapewa uzito. Vitabu vya ibada vya Kiswahili humwita Karoli Lwanga na wenzake *mashahidi*, na parokia kadhaa za Tanzania zina jina la Mashahidi wa Uganda. Maandishi ya karibuni hupendelea *wafiadini*. Sababu inayotolewa ni kwamba "shahidi" lina maana nyingi: ni mtu wa mahakamani, na pia ni neno la Waislamu. Sababu hiyo, ikitazamwa vizuri, ni ile hofu ya Tucker iliyovaa nguo za wanaistilahi.

Wingi wa maana ndio utajiri wa neno. Neno la Kigiriki ambalo lugha za Ulaya zimelirithi lilikuwa na maana ya mtoa ushahidi. Kiganda kilifuata njia hiyo hiyo kwa *omujulizi*, na Kiswahili kilikuwa na "shahidi" tayari. "Mfiadini" hukata uzi huo. Humtaja mtu kwa kifo chake na kuliacha neno alilolisema kabla ya kufa. Tena humfanya afie dini, ambayo ni taasisi, ilhali masimulizi yote ya Namugongo yanasisitiza kwamba alimshuhudia mtu aliyemwamini.

Kasese, tofauti hii ina uzito usio wa kitabuni. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, siku 13 baada ya sikukuu ya mashahidi, washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, baadhi kwa moto. Kanisa lina taratibu zake za kuamua nani aitwe shahidi, na uhakiki wa lugha hauna haki ya kuzitangulia. Lakini wapo walionusurika, na mahakama itakapowaita itawaita mashahidi. Lugha inayomwita kwa neno moja kijana aliyekufa Namugongo na kijana aliyebaki hai ili aseme alichokiona imehifadhi jambo ambalo mkoa huu unalihitaji. Kulitenga neno hilo kwa ajili ya usafi wa istilahi ni hasara.

6. Sera na ushahidi wake

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huo huo Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hoja zinazotolewa kutetea hatua hizo ni za biashara na mtangamano. Ni hoja sahihi, ila ni za mgeni anayebisha hodi. Zinamtaka Mganda na Mkonzo wakipokee Kiswahili kwa faida itakayokuja, huku zikikubali kimyakimya kwamba hakijawahi kuwa chao.

Namugongo hupokea umati wa mataifa mengi kila mwaka, na majimbo hupokezana kuongoza ibada. Kiswahili kikipewa nafasi, mara nyingi huwa ni salamu kwa wageni. Hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa wala sheria mpya: maelezo anayopewa mhujaji yataje lugha waliyofundishiwa wanafunzi wa Lourdel na Mackay katika miaka ya mwanzo, na yataje pia walimu wa Kiislamu waliotangulia. Waandishi wa vitabu vya Kiswahili vya shule za Uganda, ambao sasa hutumia mazungumzo ya dukani na ya kituo cha basi kama mifano, wangeweza kumfikisha mwanafunzi Kigungu mwaka 1879 katika somo lililoandikwa kwa lugha iliyozungumzwa siku ile.

Kwa watafiti, kazi iliyo wazi iko njiani zaidi kuliko kwenye basilika. Nyimbo, sala na maagizo ya viongozi wa makundi yanayotembea kutoka Bwera, Kisinga na Kasese, pamoja na mazungumzo yao na mahujaji wa Kongo, hayajarekodiwa kwa utaratibu wa kiisimu. Wazee waliotembea njia hiyo Namugongo ilipokuwa bado na kanisa dogo wanazidi kupungua, na wengi wao ndio wale wale waliosali utotoni kwa Kitoro, wakafundisha watoto wao kusali kwa Lukonzo, na kujifunza Kiswahili chao barabarani.