Maji ya Kunduchi Yanavyokula Sabuni

Wakati wa masika, mdogo wangu anayeishi Houston alikuja likizo kwetu Kunduchi, Dar es Salaam, na ndani ya sanduku lake mlikuwa na sabuni za kufulia kutoka Mexico: miche mitatu ya Zote, ile ya rangi ya waridi yenye harufu inayokaribia ya mchaichai, na mfuko wa unga wa Foca wenye picha ya sili. Sabuni hizo mbili hutengenezwa na kiwanda cha La Corona. Huko Texas wahamiaji wa Mexico wanazithamini sana, na mdogo wangu alitaka mama yetu apumzike na mashati ya shule ya wajukuu yanayogeuka rangi ya majivu kila muhula.

Wiki ya kwanza mama alifulia mche wa Zote kwa maji ya kisima. Povu likakataa. Maji yakawa kama tui jepesi, na pembeni mwa beseni ukabaki ukoga mweupe unaonata vidoleni. Jirani yetu, mama anayeishi kwa kufulia watu nguo, alitazama beseni akamwambia mama: "Dada, sabuni yako nzuri. Haya maji ndiyo yanakula sabuni." Wafuaji wa hapa wanasema hivyo siku zote. Mimi nikaamua kupima, na nilichokipata ni kwamba msemo wao ndio maelezo sahihi ya jambo lenyewe.

Nilianza na maji, nikaziacha nguo kwanza. Nilichukua chupa tatu za lita moja, zote angavu na za aina moja. Ya kwanza nikaijaza nusu kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, ya pili maji ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ya tatu maji ya kisima. Nikakwangua mche kwa kisu, nikatia nusu kijiko cha chai katika kila chupa, nikafunga na kutikisa mara ishirini. Katika maji ya mvua povu lilipanda hadi shingoni, likakaa. Katika maji ya bomba lilipanda, kisha likapungua taratibu. Katika maji ya kisima hapakuwa na povu la kutaja, ila vipande vyeupe vilivyoelea kama maziwa yaliyokatika. Nikarudia kwa mche wetu wa kawaida wa dukani. Matokeo yakawa yale yale.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Kunduchi imekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Ndiyo mawe wanayopasua watu wa kokoto Mtongani, na ndiyo chokaa inayolisha kiwanda cha saruji cha Wazo tangu 1966. Mvua ikipenya ardhini hubeba hewa ya kaboni dioksaidi, ikawa na ukali kidogo wa kuyeyusha chokaa, na kalsiamu ikaingia kisimani. Maji ya bomba yanatoka kwingine: ni ya Mto Ruvu, yanasafishwa mtambo wa Ruvu Chini, Bagamoyo, ndipo yanasafirishwa kuja mjini. Ndiyo maana mgao unapoanza, kama ule wa mwishoni mwa 2022 Ruvu ulipopungua, watu wanarudi visimani na nguo zao zinaanza kufubaa.

Sabuni ya mche, iwe ya Mexico au ya kwetu, hutokana na mafuta yaliyopikwa na kostiki. Ile ya Zote hutumia mafuta ya wanyama na ya nazi. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja inashika mafuta ya uchafu, nyingine inashika maji, na hivyo uchafu hubebwa ukaondoka. Kalsiamu ikikutana nazo, chembe yake moja hukamata chembe mbili za sabuni, na kwa pamoja huganda zikawa ukoga usioyeyuka. Mpaka kalsiamu yote ishibe, hakuna sabuni inayobaki ya kufua. Ukoga ule nao hujipachika kwenye nyuzi, ukikauka nguo inakakamaa na weupe unakufa.

Sabuni ya unga ni habari nyingine. Chembe zake hutengenezwa kiwandani, mara nyingi kwa malighafi ya petroli, na haziungani na kalsiamu kirahisi zikaganda. Marekani, unga wa Tide ulipoingia sokoni 1946, ulipendwa hasa kwa kufua vizuri kwenye maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi kama haya ya kisima.

Nilikata shuka kuukuu jeupe vipande, nikavipaka mawese, chai ya maziwa, mchuzi wa manjano na damu ya samaki wa soko la Kunduchi. Nikaloweka nusu saa, nikasugua kila kipande mara thelathini, nikasuuza mara mbili. Kwa maji ya kisima, Foca na unga wetu wa dukani vilitoa mawese kwa kiwango ambacho sikuweza kukitofautisha kwa macho. Miche yote miwili iliacha kivuli cha rangi ya chungwa. Kwa maji ya mvua, Zote iliondoa mawese vizuri kuliko unga wowote niliokuwa nao. Manjano yaligeuka mekundu mara tu sabuni ilipoyagusa, kwa kuwa ndivyo rangi yake inavyofanya ikikutana na magadi au sabuni. Jua la siku mbili kwenye kamba likaifuta. Damu ilitoka kwa maji baridi kabla ya sabuni. Ukianza na maji ya moto, inaganda ndani ya nyuzi.

Hatua ya mwisho ilikuwa magadi, haya haya ya kupikia makande. Nilisaga, nikatia kijiko kimoja cha chakula katika ndoo ya lita 20 ya maji ya kisima, nikakoroga na kuacha usiku kucha. Asubuhi chini ya ndoo palikuwa na vumbi jeupe: chokaa imerudi kuwa chokaa. Nikamimina maji ya juu polepole, nikatikisa chupa tena, na povu likapanda karibu sawa na la maji ya bomba. Mama akafua mashati ya shule kwa mche wa kawaida, na kola zikatoka nyeupe.

Magadi yana mipaka. Hayaondoi chumvi ya bahari, kwa hiyo kisima kilicho jirani na ufuko, chenye maji ya chumvi kabisa, hakitapona. Huchoma ngozi yenye michubuko, huharibu hariri na sufu, na nguo inataka kusuuzwa vizuri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Kunduchi, Tegeta au Boko, kabla ya kuagiza sabuni kutoka ng'ambo, tikisa chupa ya maji yako. Likipanda povu, mche wowote mzuri utakutosha. Likikataa, nunua unga kwa mangi wa jirani, au yatibu maji kwa magadi. Maji ya mvua ya masika kinga kila ndoo uliyonayo, na uyaweke kwa ajili ya nguo nyeupe.